Mshika Pishi

Jino langu la mwisho, upande wa kulia, lilichagua wiki ya mzigo ndipo liume. Nilikuwa nimetoka Zegereni kuchukua viroba vitupu vya kiwandani, vile ninavyowauzia wenye mashine za kusaga na wafuga kuku, na shavu limenivimba kiasi kwamba dereva wa bajaji aliniuliza kama humo ndimo ninamoweka akiba. Famasi wakanitajia bei ya dawa. Nikaomba wapunguze. Dada akasema dawa haina maelewano. Nikamwambia mbona maumivu yenyewe nimeelewana nayo tangu alfajiri. Hakucheka. Nikarudi nyumbani, mtaani kwetu Pangani, na pesa yangu na jino langu, vyote vikiwa kamili.

Jirani yangu Mama Neema, mtu wa Moshi asiyependa kuona mtu akiteseka bila yeye kuhusika, akanipa punje moja ya karafuu. "Bana hapo hapo. Usitafune. Na usiongee." Kuniambia nisiongee ni sawa na kunifungia duka, lakini nilibana. Baada ya muda ufizi ukafa ganzi, na harufu ikapanda puani kwa kupitia ndani. Haikuwa ile harufu ya pilau ambayo vitunguu na iliki huwa vimeipoza. Hii ilikuwa kavu, kali, haina rafiki. Nikakaa kwenye ngazi ya Mama Neema, mtu mzima mwenye wajukuu mlangoni, nikajiona nina miaka kumi, nimesimama kijijini Mzenga kwenye ua wa mzee mmoja ambaye bibi yangu hakumwamkia hata siku moja.

Wenzangu tuliosoma kwa taa ya chemli mnajua uzito wa jambo hilo. Kijijini kwetu ungeweza kumnyima mtu shamba, ukamnyima mke, ukamnyima hata moto wa kuwashia jiko, lakini shikamoo ni ya bure, nani anyimwe? Bibi Tatu, mama yake mama yangu, alimnyima. Mzee huyo, Babu Nassor, alikuwa mkubwa kwake, kwa hiyo shikamoo ilikuwa juu ya Bibi. Wakikutana njiani Bibi alitazama mbele, kama mtu anayebeba ndoo ya maji isiyotakiwa kumwagika, hata kama kichwani hana kitu. Babu Nassor alisimama pembeni, akainamisha kichwa, akampisha. Na mimi nikiwa nyuma ya Bibi nilibana shikamoo yangu kooni. Nilikuwa nikiipeleka baadaye, peke yangu.

Maana nilikuwa nikienda kwake. Babu Nassor alitengeneza taa, akiuza tambi na vioo vya chemli, na ua wake ulikuwa na mindimu. Daima alikuwa na punje ya karafuu shavuni, akisema ni ya meno, ingawa meno yenyewe yalikuwa yamekwisha kuhama. Alikuwa mtu wa Unguja, na hilo ulilisikia kabla hajamaliza kukuitikia. Majirani walinituma tambi kwa sababu nilikuwa najua kupatana bei, na yeye alinipenda kwa sababu hiyo hiyo. Nikihesabu chenji mara ya kwanza alisubiri. Nikihesabu mara ya pili alitabasamu. "Nani kakufunza hivyo?" Nikisema Bibi, tabasamu liliondoka taratibu, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

Mwaka ule tuliingia darasa la nne, na Mwalimu Mlaki, kijana kutoka milimani aliyeogopa nyoka kuliko mkaguzi, akatufundisha Mapinduzi ya Zanzibar. Alifundisha vizuri. Aliandika sababu ubaoni kwa herufi za kupendeza: ardhi nzuri iko kwa wachache, wengi ni wa kuchuma na kubeba, watu wanapangwa kwa rangi na kwa ukoo kama magunia ghalani, na uhuru ulipokuja, bendera ilishushwa moja ikapandishwa nyingine lakini Sultani akabaki kitini. Kisha akaeleza uchaguzi wa huko, kwamba waliopata kura nyingi ndio waliopata viti vichache. Hapo nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, walihesabu mara moja tu?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Mlaki hakucheka. "Kaa chini," akasema. "Umeelewa kuliko hawa wanaocheka."

Akaendelea na namna ilivyokuwa. Watu wasio na bunduki, wenye mapanga na magongo na pinde, waliingia kwenye vituo vya polisi wakazichukua bunduki humo humo. Kulipokucha mji ulikuwa wao, na sauti ngeni ikisema redioni. Sultani akapanda meli na watu wake. Bandari ya kwanza wakamkatalia. Meli ikageuka, ikaja, akashukia Dar es Salaam. Na hapo hapo, wallahi, kengele ikalia. Mwalimu akafuta ubao, akasema tutamalizia. Kesho yake kilikuwa kipindi cha hesabu, na hatukumalizia tena. Kwamba Sultani alipandishwa ndege akapelekwa Ulaya nilikuja kujua nikiwa nimeshaolewa. Kwa miezi kadhaa ya utoto wangu, mfalme alishuka Dar es Salaam akaachiwa hapo, bila nauli.

Mtoto akipewa nusu ya hadithi, nyingine hujitafutia. Kutoka Dar mtu aliyefukuzwa angekwenda wapi? Si mjini, angejulikana. Angekuja kwetu. Na hapa kwetu tulikuwa na mzee aliyetoka Unguja mwaka ule ule wa mapinduzi, kila mtu alilijua hilo. Alikuwa na kiti chenye mikono ambacho wageni hawakukalia. Viganja vyake vilikuwa laini, jembe hakulijua. Alikuwa na kanzu ya Ijumaa iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Na bibi yangu, ambaye aliwahi kwenda Unguja ujanani kuchuma karafuu, kama wengi wa pwani hii walivyokwenda, hakumwamkia. Kwa nini mtu amnyime mzee shikamoo, kama si kwamba alisaidia kumpindua? Nilijazwa fahari. Bibi yangu kampindua mfalme, na mfalme kaja kujificha kwetu anauza tambi.

Siku moja nikamuuliza. Nilimpa kwanza shikamoo, kisha pesa ya utambi, kisha swali, kwa mpangilio huo, maana ukiuliza kabla ya kulipa bei hupanda.

"Babu, wewe ndiye Sultani?"

Aliacha kioo cha taa alichokuwa akikifuta. Alicheka mpaka karafuu ikamtoka mdomoni, akaiokota, akaifuta kwenye shuka, akairudisha. "Mie? Mie Sultani?" Akakohoa. "Mwanangu, Sultani mie nilimwona mara moja. Gari lake lilipita, tukapangwa kando ya njia tupunge mkono. Nilipofumbua macho lishapita, nimebaki na vumbi mdomoni." Akacheka tena kidogo, kisha kicheko kikakatika. Akakitazama kile kioo. "Kamuulize bibi yako mie nilikuwa nani. Atakayokwambia ndiyo."

Nilimkuta Bibi uani anamenya mihogo. Nilipomwambia nimetumwa, na nani kanituma, kisu kikasimama.

"Unakwenda kwake?"

"Kwa tambi tu, Bibi."

"Mke mwenzangu wewe, tumbo lako lina siri kuliko kaburi." Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa kuwa mume wake alikuwa mume wangu kwa utani wetu, ingawa marehemu sikumkuta. Akaendelea kumenya. Nilidhani yameishia hapo. Kisha akaanza kusema, bila kunitazama, akiitazama mihogo.

Babu Nassor alikuwa mshika pishi. Kwenye shamba walikochumia, mchumaji alipanda mkarafuu alfajiri, akashuka na kapu, akakaa chini kuchambua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, na jioni akapanga mstari mbele ya mtu mmoja mwenye chombo cha kupimia. Ulilipwa kwa pishi. Nassor aliijaza karafuu zako mpaka ikawa na kilima, akashindilia kwa kiganja, akaongeza, ndipo akasema, "Moja." Bibi alinionyesha kwa mikono yenye maji ya mihogo jinsi kilima kile kilivyokuwa. Kila pishi ya mchumaji ilikuwa pishi na kitu. Kile kitu hakikuwa cha mchumaji.

"Si alikuwa anafanya alivyoagizwa?" nikauliza. Nilikuwa bado namtetea mteja wangu.

"Aliagizwa, ndiyo. Kiganja kilikuwa cha nani?" Akatupa ganda. "Mwalimu wenu kawaambia Sultani, Sultani. Mimi Sultani sikumwona. Hakunifokea hata siku moja, maskini. Pishi niliiona kila jioni."

Kulikuwa na jingine, nalo lilitoka kwa taabu. Bibi alikwenda Unguja na mdogo wake, Mwajuma, msichana mwepesi aliyepanda mpaka vitawi vya juu vinavyowaogopesha wanaume. Tawi moja likakatika. Hakufa pale pale. Walimlaza kwenye jamvi la kuanikia, anapumua, anaita. Lori la shamba lilikuwa uani, dereva yuko, funguo ziko mfukoni mwa Nassor. Nassor akasema lori haliondoki bila ruhusa ya mwenye shamba, na mwenye shamba yuko mjini. Bibi alipiga magoti. Saa ya kupima ikafika.

"Akapima," Bibi akasema. "Mdogo wangu yuko kwenye jamvi, watu wamepanga mstari, na yeye akapima. Alipomaliza ya kwetu akalichukua na kapu la Mwajuma. Akashindilia vile vile."

Mwajuma alizikwa kesho yake huko huko. Niliokota maganda ya mihogo nikawapelekea mbuzi, nikasimama nao muda mrefu kuliko mbuzi walivyonihitaji. Nilikuwa nimempoteza mfalme wangu, na aliyebaki mahali pake alikuwa mdogo sana, wa kimo changu karibu, na sikujua nimweke wapi.

Masika yalipoingia kifua kikamlaza Babu Nassor. Alipoona hali haimpi matumaini alifanya wanavyofanya watu wetu: akaomba radhi. Maalim Shomari, imamu wetu, akatangaza msikitini kwamba Nassor anawaomba wote aliowakosea wamwachie kabla hajaondoka, na watu wakaenda mmoja mmoja. Mmoja alimsamehe taa iliyolipuka. Mwingine alimsamehe ndimu zilizooza chini ya kikapu. Mama mmoja alisema yeye hajakosewa, amekuja tu kuangalia, naye akasamehe hivyo hivyo ili asitoke mikono mitupu. Aliyebaki alikuwa mmoja, na kijiji kizima kilimjua.

Nikatumwa mimi.

"Bibi, Babu Nassor anaomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya yote."

"Ya yote ni ya watu wavivu. Kamuulize, ya nini."

Nikarudi. Alikuwa amelala ubavu, sauti imekuwa nyembamba kama utambi wenyewe. "Mwambie ya pishi."

Bibi alisikiliza, akafikiri. "Ya pishi nimetoa. Mwambie bado."

Nikarudi. Babu Nassor alifumba macho. Maalim Shomari, aliyekuwa kaketi miguuni pake, akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayechelewesha. Mzee akasema, "Mwambie na ya funguo."

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama hewani. "Hiyo sina," akasema.

Nilielewa kwa namna niliyoijua. Sokoni, muuzaji akisema hana, ina maana hujafika bei. Na ukishindwa kufika, unaweka nyongeza. Kwa hiyo niliporudi kwa mgonjwa sikuingia ndani. Nilipita mindimuni, nikajaza kopo ndimu nzuri zilizoiva njano, nikazirundika mpaka zikawa na kilima, nikazibana zisianguke, nikampelekea Bibi.

"Hizi ni nini?"

"Nyongeza, Bibi. Ili ukubali."

Alilitazama kopo. Alikitazama kile kilima, na kiganja changu juu yake, kimeshindilia. Nilidhani nitachapwa, na nilikuwa nimeshapima njia ya kukimbilia. Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, kisha kikaharibika njiani, na bibi yangu, ambaye sijapata kumwona akilia hata msibani, akajifunika uso kwa upindo wa kanga.

Ndipo akaniambia yaliyobaki, yale ambayo Mwalimu Mlaki asingeweza kuyaandika ubaoni kwa kuwa hakuna aliyempa. Kule shambani hawakujua kwamba mapinduzi yamekuja. Walisikia milio upande wa mjini, wakadhani ni harusi ya wakubwa. Kisha redio ikasema. Kisha kundi la vijana likaja na mapanga, wengine walikuwa wachumaji wenzao wa jana, wakawatoa watu wa nyumba ya mwenye shamba, na Nassor akiwa miongoni. Bibi alifurahi, hakunificha. Alipiga kigelegele. Akasema kwa siku ile moja alihisi kila kilima kilichopakuliwa kwenye pishi zake kimerudishwa.

Mkuu wa vijana akawageukia wachumaji, akamwonyesha Nassor. "Huyu alikuwa mtu gani kwenu?"

"Walinitazama mimi," Bibi akasema. "Wote walijua ya Mwajuma. Neno langu lingetosha."

"Ukasema mwacheni?"

"Nilinyamaza." Akafuta pua. "Na usidhani ni huruma. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine alitamke, nisilitamke mimi. Hakuna aliyelitamka. Wakachoka kungoja, wakamwacha, wakaenda nyumba ya pili. Mke wa Nassor na mwanawe walikuwa nyumba ya pili, hawakutoka hai." Akautikisa ungo mara moja, bila sababu. "Wale hawakushika pishi. Na mimi nilikuwa bado nimenyamaza."

Akasimama. "Nipe kanga yangu ile nyingine."

Tulipoingia uani kwa Babu Nassor wanaume waliokuwa kwenye mkeka wakaacha mazungumzo katikati. Bibi alivua ndala mlangoni. Ndani mlikuwa na giza la mchana la nyumba za udongo, na mafuta ya taa, na karafuu. Maalim Shomari akasogea ukutani. Mimi nilibaki nimeshika mwimo wa mlango.

"Shikamoo, Nassor," Bibi akasema.

Alichukua muda. Nadhani alikuwa anahakikisha. "Marahaba, Tatu."

"Siku ile walipouliza, nilinyamaza."

"Najua. Nimeishi kwa kunyamaza kwako mpaka leo."

"Sikukupa kwa wema."

"Hilo pia najua. Nilikuona uso." Akapumzika, akavuta pumzi ya kutosha maneno mengine. "Hii Mzenga nilikuwa sijui iko upande gani wa dunia. Nililijua jina tu, kwa kuwa nyie mlikuwa mkilitaja. Nilipovuka nikauliza njia ya kuja. Nilisema, huko yuko ninayemdai na anayenidai."

"Na ya nyumba ya pili?" Sauti ya Bibi ilikuwa imeshuka mpaka sikuitambua. "Ya hao waliokuwa nyumba ya pili, Nassor, unanipa?"

Mzee alilia bila sauti, machozi yakielekea sikioni kwa jinsi alivyolala. "Yangu nimekupa. Zamani. Ya kwao sina."

Bibi akatikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. "Basi tuko sawa. Ya pishi nimekusamehe, duniani na akhera. Ya lile lori, maumivu yangu mimi nimekuachia. Lakini ya Mwajuma mwenyewe si yangu. Nikikupa nitakuwa nagawa mali ya marehemu. Atakuuliza."

"Nitamjibu nini?"

"Mweleze kama ilivyokuwa. Alikuwa mtoto msikivu."

Pale ukutani Maalim Shomari akakohoa. Alikuwa mtu mwema na alitaka shughuli imalizike vizuri, watu waliokuwa uani waitwe waambiwe. "Bi Tatu," akasema, "radhi huwa inatolewa nzima."

"Maalim," Bibi akasema, "nimempa yote niliyokuwa nayo."

Uani hakuna aliyejifanya hasikii. Bibi akatazama huku na huku chumbani akitafuta pa kukaa, na mgonjwa akainua vidole viwili kutoka kwenye shuka, akamwonyesha kile kiti chenye mikono. Bibi akakikalia. Akaomba maji na pamba, nikampa. Akaichovya pamba, akaikamua kidogo, akamlowesha midomo, akachovya tena, na aliendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri ilipoita na wanaume wakaondoka kwenda kuswali, yeye akabaki.